Kumtazama Orion kipofu, New York

Treni namba 6 hunishusha 86th Street. Kutoka hapo natembea magharibi hadi Fifth Avenue, kisha kusini kidogo mpaka ngazi za Metropolitan Museum, jumba la makumbusho ya sanaa. Jumatano pamefungwa. Ijumaa na Jumamosi hufunga saa 3 usiku, na jioni ndipo watu hupungua. Begi la mgongoni utaambiwa ulibebe mbele. Ukitaka kuchora, njoo na penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi.

Napanda ngazi kuu hadi ghorofa ya michoro ya Ulaya kumtafuta Nicolas Poussin, mchoraji Mfaransa aliyeishi Roma, aliyemchora Orion, jitu la visasili vya Kigiriki. Mchoro wenyewe ni wa 1658, rangi za mafuta kwenye turubai, sentimita 119 kwa 183. Kwa picha ya jitu, si mkubwa.

Orion alipofushwa na Oenopion, mfalme wa kisiwa cha Chios, kwa kumvamia bintiye. Akaambiwa aende mashariki, jua linalochomoza litamponya. Cedalion, mtumishi wa mungu Hephaestus, yuko mabegani pake akimwongoza. Chini, Hephaestus mwenyewe, mungu wa uhunzi, anaonyesha njia.

Wengi hukosea kwa kusogea karibu mara moja na kuyatafuta macho ya Orion. Anza hatua tano nyuma, uangalie kwanza wapita njia barabarani. Hao ndio kipimo: bila wao, Orion angekuwa mtu wa kawaida tu kati ya miti. Halafu sogea ulitazame wingu lililotanda usoni pake, na Diana, mungu wa kike wa uwindaji, aliyesimama juu ya mawingu akimwangalia. Natale Conti, Mtaliano wa karne ya 16 aliyeandika juu ya visasili, alieleza kwamba Orion ana baba watatu, miungu Neptune, Jupiter na Apollo, yaani maji, hewa na jua. Vikikutana vitatu hivyo, mvuke hupanda na mvua hushuka. Kwangu hii ndiyo tafsiri inayoufungua mchoro: jitu na wingu ni kitu kimoja, na kinakwenda kuyeyushwa na jua.

Ukiona miti imefifia gizani, usimlaumu Poussin peke yake. Alizoea kupaka rangi nyembamba juu ya msingi, yaani tabaka la kwanza, wa kahawia nyekundu. Rangi ya mafuta ikizeeka huanza kuonyesha kilicho chini yake, msingi ukajitokeza, na sehemu za kivuli zikazidi kuwa nyeusi. Vanishi iliyopakwa juu ya rangi nayo hung'aa; hama hatua moja pembeni mpaka mng'ao utoke.

Muda ukibaki, muulize mlinzi ulipo mchoro wa Midas, mfalme wa visasili, anayeoga mtoni Pactolus. Ni wa Poussin huyohuyo, ila wa ujanani, miaka ya 1620, na mandhari bado ni pazia tu nyuma ya miili.