Yasiyogonga mlango

Jumanne saa moja na nusu asubuhi sijakaa vizuri kwenye cherehani, watu watatu tayari wako mlangoni. Mmoja apunguziwe suruali, gari la Arusha linamsubiri. Wa pili zipu. Wa tatu gauni la kipaimara la mtoto wa dada yake, shughuli Jumapili, lakini analitaka leo leo. "Fundi, nisaidie tu." Huu ni mwaka wa kumi na moja niko hapa Mbuyuni, na nikiitwa fundi kwa sauti ile mkono huwa unakwenda wenyewe.

Ukutani nimebandika karatasi ya kaki ninayochorea vipimo. Nimeigawa kwa chaki vyumba vinne: ya haraka na muhimu, muhimu bila haraka, haraka tu, na ya kuachana nayo. Watu huuita mchoro wa Eisenhower, aliyekuwa rais wa Marekani 1953 hadi 1961. Kwenye hotuba ya 1954 alisema matatizo yake ni ya aina mbili, kwamba ya haraka si muhimu, na ya muhimu hayawi ya haraka kamwe. Mwenyewe alisema maneno hayo ni ya mkuu mmoja wa zamani wa chuo. Sikubaliani nayo yote, maana sare za shule mwezi wa kwanza ni haraka na ni ada ya wanangu pia.

Ila chumba cha pili kilinifundisha kwa uchungu. Miezi minane kilikaa na jambo moja: kumpeleka mama hospitali ya KCMC, hapa Moshi, akapimwe macho. Hakuwa analalamika, nami nikawa nasogeza mbele. Kumbe presha ya macho aliyokutwa nayo haiumi. Inakula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, kidogo kidogo, na kilicholiwa hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki. Nilishtuka siku moja nyumbani kwake Kibosho, nimemwekea chai karibu na kiwiko chake, akawa anapapasa meza nzima. "Mwanangu, kikombe umekiweka wapi?"

Jumanne hii ilikuwa tarehe yake ya kliniki. Suruali nikaimaliza kwa dakika kumi, zipu nikamwachia kijana ninayemfundisha kazi. "Dada, gauni lako Alhamisi," nikasema, "leo nina mama hospitali." Alinuna, na sikumlaumu.

Nilimkuta mama anashuka kwenye Hiace, mguu unatafuta ardhi. Nikamshika mkono. Chupa ya matone alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga, pale pale alipokuwa akifunga nauli yangu ya shule.