Kabla hujamhamisha shule mtoto mwenye tabia ngumu

Kwa wiki 2, andika kila tukio: saa ngapi, kipindi gani, nini kilitangulia, na mtoto alipata nini baada yake. Daftari hilo ndilo litakalokuongoza. Anayevuruga kila akiambiwa asome kwa sauti huenda kusoma kwenyewe kunamshinda, na kumtoa nje ya darasa kunampa kile kile alichotaka: kukikwepa kitabu. Mpime pia macho na masikio.

Ukienda kuikagua shule mpya, nenda wakati wa mapumziko, maana vurugu nyingi huanzia pale usimamizi unapolegea. Muulize mwalimu wa darasa, si mkuu peke yake: mtoto akirusha kiti, dakika 5 za kwanza mnafanya nini? Wakijibu, “Tunampigia mzazi aje amchukue,” endelea kutafuta.