Ngano za kale kwenye shuka jeupe

Mwangalie mama wa kambo katika filamu ya katuni ya Cinderella ya mwaka 1950. Hapigi, hafoki. Anakaa gizani akizungumza polepole, macho tu ndiyo yanayong'aa. Mtoto wa miaka mitano anaona mtu mbaya. Mtu mzima anaona mirathi: baba kafa, nyumba imebaki mikononi mwa mke wa pili, binti wa marehemu kageuzwa mtumishi kwao. Kesi hiyo Chang'ombe au Nkuhungu, mitaa ya Dodoma, haihitaji mkalimani. Mtoto na mkubwa wamekaa mkeka mmoja, na kila mmoja anatazama filamu yake.

Snow White ya mwaka 1937 inafanya hivyo kwa ustadi mkubwa zaidi. Katika ngano ya ndugu wa Grimm, wakusanyaji wa ngano wa Kijerumani, malkia mbaya anavalishwa viatu vya chuma cha moto na kucheza hadi kufa. Kwenye filamu anaporomoka gengeni, kisha tumbusi wawili wanashuka taratibu. Basi. Mtoto kaona ndege, mkubwa kaelewa.

Ndiyo maana filamu hizi zinafaa kutazamwa uani, familia nzima, siyo mtoto peke yake na simu. Mapema kabisa Snow White anakimbia msituni, miti inamshika nguo, macho yanamkodolea gizani. Wazazi wengi huzima hapo, na hilo ndilo kosa. Punde tu baadaye macho yale yanageuka kuwa ya sungura na swala wapole. Ukizima kabla, mtoto analala na yale macho. Mpakate, mwache afike kwa sungura.

Sasa shuka la kuonyeshea filamu. Filamu hizi mbili zina picha inayokaribia mraba: upana wa mita 2 unataka kimo cha mita 1 na nusu. Televisheni na projekta za siku hizi huivuta ijaze skrini, Snow White akaonekana mnene. Ingia kwenye mipangilio, chagua 4:3, uache weusi pembeni. Sleeping Beauty ya 1959 ni kinyume chake, pana mno. Kwa upana uleule kimo hakifiki hata mita 1.

Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa Dodoma hulijaza shuka kama tanga na picha ikayumba. Lifunge ukutani, siyo kwenye kamba ya kuanikia nguo, na pindo la chini lishonewe mti mnyoofu. Likiwa jepesi, weka shuka jeupe la pili nyuma yake, maana mwanga unaopenya ni picha iliyopotea. Projekta ikae mezani. Ikiwekwa chini, feni yake inavuta vumbi. Spika iwe jirani na shuka na iungwe kwa waya, kwa sababu Bluetooth huchelewesha sauti na midomo ikaachana na maneno. Anza saa moja na nusu usiku. Cinderella ni kama dakika 75, hivyo kabla ya saa tatu wadogo wako kitandani. Mablanketi yawepo, baridi ya kipupwe haina huruma.

Lakini kwa nyumba ya Waswahili, ninayoipenda kuliko zote ni The Adventures of Prince Achmed ya Mjerumani Lotte Reiniger, ya mwaka 1926. Ni vivuli vitupu: vinyago vya karatasi nene na mabamba membamba ya madini ya risasi, vilivyokatwa kwa mkasi na kusogezwa kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Visa vyake vimetoka Alfu Lela Ulela. Haina mazungumzo, kwa hiyo inamtaka msimulizi, na bibi anaiweza kuliko Dj yeyote anayesimulia filamu kwenye kibanda umiza. Aitazame mara moja kabla, aandike matukio kumi tu, asimulie pale maandishi yanapotokea. Farasi wa uchawi akipaa na mwana wa mfalme asiyejua namna ya kumshusha, bibi anyamaze, muziki ufanye kazi.

Na aanze kama kawaida: "Hadithi, hadithi!" Wakiitikia "Hadithi njoo!", ndipo projekta iwashwe.