Ukishaiovakloki prosesa (kuiendesha kwa kasi kuliko ya kiwandani), ununue RAM gani?

RAM ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kabla ya kutoa hela, hakikisha kweli unaihitaji. Washa vyote unavyotumia kwa wakati mmoja, fungua Task Manager ya Windows, tazama kumbukumbu iliyobaki. Una GB 16 na game pamoja na kivinjari vimeshameza 14? Panda hadi 32, tofauti utaiona. Kama bado zimebaki GB 10 zimekaa bure, kuongeza nyingine hakutakupa kasi yoyote.

Kwenye boksi kuna namba mbili za kusoma pamoja: kasi (kwa MT/s, yaani mamilioni ya uhamishaji wa data kwa sekunde) na CL (mizunguko ya kusubiri). DDR4 na DDR5 ni vizazi vya RAM. Zidisha CL kwa 2000, gawanya kwa kasi, utapata nanosekunde ambazo prosesa inasubiri data ianze kuja. DDR5-6000 ya CL30 ni 10. DDR5-6000 ya CL40 ni 13.3, ingawa zote mbili zimeandikwa 6000 kwa herufi kubwa. DDR4-3200 ya CL16 nayo ni 10, kwa hiyo mwenye DDR4 nzuri asikimbilie kubadili ubao mama (motherboard) kwa ajili ya RAM peke yake.

Kinachosahaulika ni kwamba hiyo kasi ya kwenye boksi nayo ni ovakloki. Aliyetengeneza RAM ameahidi kwamba vijiti vyake vinaifikia. Kidhibiti cha kumbukumbu kiko ndani ya prosesa yako, na hakuna aliyekiahidia kitu. Kwa Ryzen 7000, prosesa za AMD, kasi rasmi ni 5200 MT/s. Nyingi hubeba 6000 bila shida, chache hufika 6400, na ukizidisha hapo ubao mama kwa kawaida hukipunguzia kidhibiti mwendo kwa nusu. Ndiyo maana RAM ya 7200 inaweza kushindwa na ya 6000 kwenye game. Intel za kizazi cha 13 na 14 hustahimili zaidi, mradi ubao mama uwe mzuri.

Nunua vijiti viwili vya boksi moja. Usijaze sloti zote nne. Kwa vijiti vinne vya DDR5, kasi rasmi ya Ryzen 7000 inashuka hadi 3600, na prosesa iliyoovaklokiwa haina ziada ya kuchezea. Kuokota jozi ya pili inayofanana na ya zamani pia ni kamari: jina la modeli ni lilelile, lakini chipu za ndani zinaweza kuwa za aina nyingine. Bora uuze GB 16 mbili ulizonazo ununue 32 mbili. Angalia pia orodha ya RAM zilizojaribiwa kwenye tovuti ya ubao mama wako, na upime urefu: RAM zenye mapambo marefu hugonga feni ya kipoza prosesa.

Kabla ya kufunga, sasisha BIOS (programu ya ndani ya ubao mama), kisha rudisha prosesa kwenye kasi ya kiwandani. Hatua hii watu huiruka, halafu skrini ya buluu ikitokea hawajui walaumu nini, maana makosa ya RAM na ya prosesa yanafanana kwa sura. Weka vijiti kwenye sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, hadi vilie tak. Ukiwasha, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa: RAM ya DDR5 inajipima. Usizime.

Pitisha MemTest86, programu ya kupima RAM, raundi nne bila XMP (Intel) wala EXPO (AMD), yaani mipangilio ya BIOS inayowasha kasi ya kwenye boksi. Washa EXPO au XMP, rudia. Mwisho rudisha ovakloki ya prosesa, upime tena vyote kwa pamoja. Kosa moja tu ni kufeli, kwa sababu RAM mbovu huharibu mafaili kimyakimya kabla hujaona dalili yoyote. Kwenye Ryzen 7000 angalia pia volti ya SoC (inayolisha kidhibiti cha kumbukumbu) isizidi 1.3, AMD waliweka kikomo hicho mwaka 2023 baada ya baadhi ya prosesa kuungua.

Joto nalo. Chaji ndani ya chipu huvuja haraka zaidi ikipata moto, kwa hiyo RAM iliyofaulu usiku mzima inaweza kufeli pale kadi ya michoro inapoipulizia hewa ya moto. Ijaribu na game zito likiwa limewaka.

Makosa yakitokea, shusha kasi kwanza, 6000 hadi 5800, kisha 5600, kabla ya kugusa volti. Hiyo tofauti hutaihisi. Kompyuta ikikataa kuwaka kabisa, futa CMOS (mipangilio ya BIOS iliyohifadhiwa), acha kijiti kimoja kwenye sloti ya pili, kisha kijaribu kingine mahali hapohapo. Kinachofeli peke yake kirudishe dukani. Vikifaulu kimojakimoja na kufeli vikiwa pamoja, anza kushuku kidhibiti, na hata jozi mpya huenda isikusaidie.