Folda ya pamoja iliyonigomea siku tatu

Nina kompyuta mbili nyumbani. Ya mezani ndiyo ghala la picha na nyaraka za familia, na laptopu ndiyo ninayofanyia kazi. Nilichoka kuhamisha mafaili kwa flashi, nikaamua kushea folda moja ya ile ya mezani. Zote zinatumia Windows, kwa hiyo nilidhani ni kazi ya dakika tano.

Siku ya kwanza laptopu haikuiona kabisa kompyuta ya mezani. Nikazima ruta na kuiwasha mara nne, bure. Nikafungua dirisha la amri kwenye ya mezani, nikaandika ipconfig, nikapata anwani 192.168.1.14. Kwenye laptopu nikaandika ping, amri ya kuuliza kama kompyuta nyingine inajibu, pamoja na anwani hiyo. Kimya. Hapo nikaapa kwamba ruta imekufa, kumbe nilikuwa natwanga maji kwenye kinu: intaneti ilikuwa inafika kote kuwili! Fayawoli ya Windows, yaani ukuta wa kuzuia mawasiliano yasiyotakiwa, inaweza kuizuia ping isijibiwe hata kama mtandao ni mzima, kwa hiyo ukimya ule haukuthibitisha chochote.

Kisa kilikuwa kwenye mipangilio ya waifai ya kompyuta ya mezani. Mtandao wa nyumbani ulikuwa umewekwa kama mtandao wa umma, na katika hali hiyo kompyuta hujificha kwa wenzake, kama inavyopaswa ukiwa hotelini. Nikaubadilisha kuwa mtandao binafsi, nikawasha ugunduzi wa mtandao na ushirikishaji wa mafaili. Ping ikajibu.

Mdogo wangu alikuwa ameshanishauri: "Kaka, washa tu SMB1, itaona kila kitu." Nilikataa. Hiyo ni njia ya zamani ya kushirikisha mafaili, na kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilienea kwa kupitia udhaifu wake. Nafurahi sikumsikiliza, maana wala haikuhitajika.

Siku ya pili folda ilionekana, ila ilidai jina na nywila. Nikaweka PIN ninayoingilia kila siku. Ikakataa. Nikaiandika tena polepole, kana kwamba kosa ni la vidole. Ikakataa tena. Baadaye ndipo nikaelewa kuwa PIN ni ya kompyuta ile ile tu, haivuki kwenda mtandaoni. Inayotakiwa ni nywila ya akaunti yenyewe, na mimi nilikuwa nimeisahau siku nyingi.

Nikaona heri nifungue akaunti mpya kwenye ya mezani, ya kushirikishia folda tu. Kwa uvivu sikuiwekea nywila. Hilo nalo ni kosa, kwa sababu kwa kawaida akaunti isiyo na nywila Windows huiruhusu kuingia kwa mtu aliyeketi mbele ya kompyuta yenyewe, si kutoka mbali. Nikaiwekea nywila, na kwenye laptopu nikaandika jina la kompyuta kwanza, mkwaju wa kurudi nyuma (\), kisha jina la akaunti. Bado! Sasa ilidai kwamba tayari nimeunganishwa kwa jina lingine. Laptopu ilikuwa inang'ang'ania majaribio yangu ya nyuma. Nikaandika net use * /delete, amri ya kukata miunganisho yote ya folda za mtandaoni, nikafuta na majina yaliyohifadhiwa kwenye orodha ya vitambulisho vya Windows, nikawasha upya. Folda ikafunguka.

Furaha ilidumu dakika mbili. Nilipojaribu kuhifadhi faili, nikaambiwa sina ruhusa. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, nami nikiwemo: kuna ruhusa za kushirikisha na kuna ruhusa za folda yenyewe, katika vichupo viwili tofauti, na inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Kwenye kichupo cha usalama nilikuwa nimeshaipa akaunti ile haki ya kubadilisha, lakini upande wa kushirikisha ulibaki kusoma tu. Nikaulegeza siku ya tatu asubuhi, faili likaingia.

Wiki moja baadaye njia ya mkato niliyoiweka kwenye laptopu ikafa. Safari hii sikuigusa swichi ya ruta; niliandika ipconfig kwanza. Ruta ilikuwa imeipa kompyuta ya mezani anwani nyingine, ilhali njia yangu ya mkato ilielekea 192.168.1.14. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, nikaitengea kompyuta ile anwani yake ya kudumu.