Alitaka kuwa shemeji

Kwenye kikundi chetu cha maigizo hapa Iringa tulikuwa na mhusika tuliyemwita Bubu. Kibarua wa shamba, hasikii, hasemi. Ukimtuma jembe analeta ndoo. Igizo lilihusu mjane anayenyang'anywa shamba na ndugu za marehemu mumewe, jambo zito, na Bubu tulimweka ili watu wapumue. Miaka mitatu aliwavunja watu mbavu.

Siku moja Kihesa, tukiwa tunakunja turubai, akaja fundi viatu mmoja na binti yake wa miaka kama kumi. Binti akatuamkia, kisha akasema, "Baba anauliza, yule alikuwa anasema nini kwa mikono?"

Mwenzetu aliyecheza Bubu akajibu kwamba alikuwa anapunga tu.

Binti akageuka, vidole vikaenda, baba akajibu. "Anasema alijua. Alitaka mseme wenyewe."

Mimi ndiye niliyemwandika Bubu. Na huku Iringa hatuna kisingizio: mgahawa wa Neema Crafts pale mjini wahudumu wake ni viziwi, unaandika unachotaka kwenye karatasi, chai inakuja. Nimekunywa chai ile mara nyingi, kisha nikaenda mazoezini kumcheka Bubu.

Tena tulikuwa tukijisifu kwamba sisi ni watoto wa Malya. Kule Malya, mkoani Mwanza, miaka ya 1980, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na wanakijiji, wanakijiji wakataja shida yao, mimba za wasichana wa shule, wakaigiza wenyewe. Sisi? Tuliandika mezani, tukapeleka igizo vijijini kama watu wanaogawa mbolea ya ruzuku.

Tukamfuata fundi kibandani kwake, tukamwomba ajiunge. Akakubali, ila binti asiwe mkalimani. Igizo lina kipigo na matusi, na mtoto ana shule. Tukatafuta mkalimani mtu mzima. Hela yake ikatoka kwenye fungu la kukodi spika. Mweka hazina alinuna wiki nzima. Kwenye posho, fundi tulimpangia nauli tu, eti bado anajifunza. Hakuna mwingine kati yetu aliyewahi kujifunza bure. Tulirekebisha, lakini alishaiona ile karatasi.

Mazoezi yetu yalikuwa saa moja jioni, na umeme ukikatika tuliendelea gizani kwa sauti. Gizani yeye hayupo. Tukahamia saa kumi. Tukakaa duara, mmoja akiongea wengine kimya, adhabu kubwa kwa wasanii. Kigumu zaidi kilikuwa kujua wakati wa kuingia, maana tulizoea kungoja sentensi ya mwisho ya mwenzako. Sasa mjane akidondosha khanga, mwingine anaingia. Khanga ile ilisema kuliko sentensi zangu zote za awali.

Kuhusu uhusika, nilikuwa nimemwandalia kiziwi mwema, mwenye hekima, anayemwokoa mjane. Akasoma, akacheka, akanirudishia karatasi. Alimtaka shemeji, yule mnyang'anyi. Mtu mmoja aliyekuwa akituchangia pesa akasema hilo litawachafua walemavu. Mkalimani alipomfikishia, fundi akauliza kama wanyang'anyi wote Iringa wanasikia.

Tulicheza kijiji kimoja nje ya mji. Huwa tunafuata njia ya Augusto Boal, yule Mbrazili: igizo likifika pabaya tunasimamisha, mtazamaji anayeona mjane angefanya vingine anapanda na kuchukua nafasi yake. Akapanda bibi mmoja. Akaanza kumsomea shemeji kwa Kihehe, vidole vikimchoma kifuani. Fundi akamtazama kidogo, kisha akamgeuzia mgongo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliutaka uhusika ule. Kwa mtu asiyesikia, kugeuza mgongo ni kufunga mlango na kutia komeo. Bibi akazunguka mbele, fundi akageuka tena. Akazunguka, akageuka. Watu waliacha kucheka. Mara ya nne bibi akanyamaza, akaokota khanga iliyoanguka, akaitandaza chini miguuni pa shemeji, akakaa juu yake katikati ya shamba.

Fundi akabaki amesimama. Hilo hatukulifanyia mazoezi.