Ukoo wa mume wangu na mzee Howland

Jamani nimeolewa kwenye ukoo wa watu wanaojua babu zao hadi 1620 😂 wiki hii mimi na mama mkwe tumejifungia na makaratasi, vyeti vya kuzaliwa, wosia wa zamani, kila kizazi lazima kiwe na ushahidi ndo urudi cha nyuma yake. Mwisho tumefika kwa John Howland, kijana mtumishi aliyekuja Marekani na Mayflower, ile meli iliyoleta walowezi wa Kiingereza mwaka huo wa 1620, dhoruba ikamtupa baharini akadaka kamba ya tanga iliyokuwa inaburuzika majini, wakamvuta. Akamuoa Elizabeth Tilley, binti ambaye wazazi wake wote walikufa ile baridi ya kwanza pale Plymouth, koloni walilolianzisha, wakazaa watoto 10, na marais wote wawili wa Bush ni uzao wa huko.

Ila kilichoniacha hoi, miaka mingi watu walishikilia Elizabeth ni binti wa Carver, gavana wa kwanza wa Plymouth, hadi kwenye jiwe la kaburi la Howland wakachonga hivyo! Mpaka 1855 daftari la Bradford, gavana aliyemfuata Carver, likaonekana kwenye maktaba ya askofu London, na mle kaandika wazi kabisa ni mtoto wa Tilley. Mama mkwe anasema hata jiwe usiliamini, lete karatasi. Sasa kahamia kwa mababu zangu mimi, nimemwambia asubiri nimpigie shangazi.